Siku ya Matapishi

Tulikuwa na mashati 3 ya njano yaliyofanana mpaka vifungo, na hesabu hiyo ndiyo iliyoamua turudie mara ngapi kupiga tukio la matapishi katika filamu yetu ya vichekesho. Shati likishachafuka, kulifua, kulikausha kwa mashine ya nywele na kulipiga pasi kulikula dakika 50. Kwa hiyo zilikuwa teki 3, yaani kulipiga tukio lilelile mara 3, kisha karibu saa nzima ya kusubiri, kisha 3 nyingine. Filamu yote ilipigwa kwa siku 14 na watu 9 nyuma ya kamera, na siku ya 6 tuliitenga kwa tukio hili moja: mwombaji kazi aliyekula chakula kibovu anamtapikia meneja katikati ya usaili.

Watu wengi hudhani kazi ngumu katika vichekesho vya kutia kinyaa ni kupata kitu chenye sura mbaya. Sura ni rahisi. Ugumu ni kukifanya kitoke kwa wakati wake, kwa kasi yake, kutoka mahali pake, mwigizaji akiwa salama na bado anaigiza.

Mchanganyiko wetu ulikuwa uji wa oti uliopikwa na kupozwa, karoti za kuchemsha, biskuti zilizopondwa, juisi ya tufaha ya kulainishia, kijiko 1 cha kakao na matone machache ya rangi ya chakula ya manjano. Teki moja ilitaka lita 2, na kwa siku nzima tuliandaa lita 12. Maziwa tuliyakataa kabisa. Katika majaribio ya wiki iliyotangulia tulitumia mtindi. Chini ya joto la taa, ulichacha vibaya kabla ya jioni, na watu wakaanza kichefuchefu cha kweli. Karanga nazo tuliziacha, na kila atakayeguswa na mchanganyiko aliulizwa mapema ni chakula gani kinachomdhuru.

Pampu ilikuwa bomba la lita 5 la kunyunyizia mimea, jipya kutoka dukani. Lililowahi kutiwa dawa halifai hata likioshwa mara 10, kwa sababu mpira na plastiki hunyonya sumu. Tuliondoa pua yake ya kunyunyizia na chujio la ndani, tukaunga mpira laini wa kipenyo cha milimita 12 na urefu wa mita 1.5. Mpira ulipita mgongoni ndani ya shati, ukapanda nyuma ya sikio na kubandikwa kwenye shavu ambalo kamera haikuliona. Mdomo wake ulikaa pembeni mwa midomo ya mwigizaji, ukielekea nje. Usielekezwe ndani hata kwa mzaha. Kichwa nacho huinama mbele wakati wote, maana kikilala nyuma uji unaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Tulikubaliana kwamba mkono wa kushoto ukiinuka, koki inafungwa papo hapo, teki iwe nzuri namna gani.

Teki ya 1 haikutoa kitu. Mpira ulikuwa wa milimita 12, lakini kiungio cha kwenye koki kilikuwa na tundu la milimita 6 tu, na vipande 2 vya karoti vilikumbatiana pale vikaziba. Hapo ndipo tulipojifunza kupima tundu lililo dogo kuliko yote badala ya mpira wenyewe, na kukata vipande visivyozidi theluthi ya tundu hilo. Tena oti haitulii. Uji uliopikwa saa 1 asubuhi ulikuwa umekazana kufikia saa 4, kwa kuwa wanga huendelea kunywa maji na kuganda unapopoa. Tuliuchuja wote, tukawa tunaongeza juisi muda mfupi kabla ya kila teki.

Kuchuja kuliua vipande, na matapishi bila vipande yanafanana na supu. Dada wa meki-apu ndiye aliyepata jibu: vipande vikae mdomoni mwa mwigizaji, vijiko 2 vya chakula, na mpira ulete kioevu peke yake. Anavitema kwanza, kisha anapoinama koki inafunguliwa. Jicho linaona mwanzo ukitoka kwenye midomo kwelikweli, na kile kinachofuata pembeni linakiamini bila kuuliza. Mpaka leo naona hiyo ndiyo mbinu bora tuliyowahi kuipata. Muhimu tu mchanganyiko uwe na uvuguvugu wa mwili, kama nyuzi 37. Ukiwa wa baridi koo linajikaza na mwigizaji anashindwa kutulia nao.

Teki ya 2 iliharibiwa na hewa. Mpira mtupu wa urefu ule hubeba karibu mililita 170 za hewa, na hiyo ndiyo inayotoka kwanza, ikifoka na kurusha matone, halafu uji unafika umechelewa. Mwigizaji alikuwa ameshainama na kuanza kuinuka. Baada ya hapo tulijaza mpira mpaka ncha na kuhamishia koki karibu na bega, ili uji uwe unasubiri mlangoni. Teki ya 3 ilitoka kwa wakati, ila kwa nguvu mno: ilivuka meza, ikampita meneja, ikapiga kioo cha akriliki tulichosimamisha mbele ya lenzi. Bila kioo kile siku ingeishia hapo. Tukapunguza pampu kutoka misukumo 15 hadi 8.

Wakati mashati yanakauka, mwongozaji alitaka tujaribu mwendo wa polepole, fremu (picha) 48 kwa sekunde badala ya 24. Kila fremu ilipata nusu ya mwanga, kwani shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ilipaswa kutoka sekunde 1/48 hadi 1/96, na taa tulikuwa nazo 2 tu. Tulifungua tundu la lenzi kutoka f/4 hadi f/2.8 ili mwanga uingie mara mbili, kina cha fokasi, yaani umbali unaoonekana bila ukungu, kikapungua, na mwigizaji alipoinama uso ukatoka nje ya fokasi. Tulirudi kwenye 24, na sijutii. Mwendo wa polepole unampa mtazamaji nafasi ya kuchunguza uji, na akishauchunguza anajua ni uji.

Sakafuni tulikuwa tumetandika plastiki, nayo ikilowa huteleza kama sabuni, na ikiwa kavu hulia chini ya kila hatua. Tuliifunika kwa mablanketi makuukuu. Picha za mwendelezo, za kusaidia teki zifanane, zilipigwa kila baada ya teki: karatasi za mezani ziliangukia wapi, tai ililowa hadi wapi.

Iliyotumika ni teki ya 5. Mhariri aliyaacha matapishi yenyewe kwa muda usiofika sekunde 1, akabaki kwa meneja ambaye hajajipangusa, fremu 36 kamili, sekunde 1 na nusu ya ukimya. Alijaribu 24, kicheko kikaja kabla hakijaiva. Alijaribu 60, kikapoa.

Sauti ya seti haikufaa hata kidogo, kwa kuwa koki ilipiga mluzi katika kila teki. Fundi sauti alirekodi dakika 1 ya ukimya wa chumba kitupu, kisha akaitengeneza upya sauti ya kutapika kwa tabaka: koo la mwigizaji likijikamua bila kitu mdomoni, maikrofoni ikiwa sentimita 20 pembeni mwa uso, kitambaa kilicholoa kikikamuliwa, na uji uliobaki ukimwagwa kwenye beseni kutoka kimo cha sentimita 60. Beseni tupu lililia kama ngoma. Alipoweka taulo lililoloa ndani yake, ule mlio ukapotea, na sauti ikakaa sawasawa juu ya shati la njano.