Ile biriani kwenye The Big Sick

Jana usiku nimeirudia tena The Big Sick, sijui mara ya nne au ya tano sasa, na nimelia palepale ninapoliaga siku zote, yaani si hospitalini, ni kule karibu na mwisho baba anapomletea mwanawe biriani na mama kabaki ndani ya gari hataki hata kumtazama.

Kwa ambaye hajaiona, ni muvi ya 2017, Kumail Nanjiani na mkewe Emily V. Gordon wameandika wenyewe kisa chao, Kumail akajiigiza na Emily akaigizwa na Zoe Kazan. Kumail ni mchekeshaji wa Chicago, anaendesha Uber ili mkono uende kinywani, wazazi wake ni Waislamu wa Pakistani na wanataka aoe wa kwao. Kila akienda kula nyumbani, katikati ya chakula kengele ya mlango inalia, mama anashtuka kabisa, nani tena saa hizi! Kumbe kampanga yeye, ni binti wa watu eti alikuwa anapita tu. Jamani sisi tuliokulia nyumba kama hizo Tanga huu mchezo tunaujua, kwetu unatumwa upeleke sinia kwa mama fulani, unabisha hodi, anayefungua mlango ni binti kajifunga leso mpya na udi unanukia hadi barazani.

Mabinti wanaacha picha na Kumail anazitupia kwenye kiboksi. Emily, wakati huo bado mpenzi wake tu, anakikuta, anamuuliza unaiona siku mimi na wewe tutakuwa pamoja, anajibu sijui. Hapo mimi niko upande wa Emily moja kwa moja, sijui gani hiyo ya kumjibu mtu anayekupenda? Wanaachana, mara Emily anaugua ghafla, analazwa usingizi wa dawa, na Kumail anachukua kidole chake akiwa hajitambui anafungulia simu ili awapigie wazazi wa Emily. Kidole tu kile, kimelegea, na watu wameshaachana.

Sasa ninachoipendea hii muvi kuliko zote za mapenzi ni kwamba Emily akiamka hamrukii. Kumail kakaa hospitalini siku zote zile, kawazoea wakwe (Holly Hunter na Ray Romano, na yule mama anavyomvaa jamaa anayemtukania Kumail klabuni ni raha tupu), moyo umebadilika kabisa, ila Emily alikuwa amelala! Kwake yeye jana yake ndo aliumizwa. Anamwambia aondoke na ana haki, muvi nyingine ingewakumbatisha hapohapo kitandani muziki ukipigwa.

Kinachoniudhi ni mabinti wale, wengi wanapita tuchekeshwe kisha basi. Khadija peke yake ndo anapata nafasi ya kusema kachoka kupelekwa kwa wanaume wasiomtaka, na ni dakika chache tu, mimi ningemsikiliza zaidi.

Ila mama yule hawakumfanya mbaya, na hilo nawashukuru kwelikweli. Kumail anawauliza mbona mlinileta Marekani kama hamtaki niishi kama Mmarekani, nami namwelewa, lakini nikimwangalia mama namwelewa pia, kaacha kwao, kavuka bahari, na kijana ndo huyo anateleza mkononi. Wanamkatia uhusiano, na siku anayohamia New York bado wanakuja hadi nje kwake.

Mwaka juzi niliitazama na mama yangu, namtafsiria. Ilipofika pale akanyamaza, kijiko kimesimama kwenye kikombe cha chai, mimi nikaanza kumweleza kwamba huyu mama bado kanuna ndo maana hashuki garini, akanikata kauli.

"Si kampikia?"