Siku moja maishani mwangu: spika imekufa, nani ameiua?

Saa 2:00 asubuhi

Mezani kuna jozi ya spika za njia mbili: besi ya inchi 8 kwa sauti nzito, twita ya kuba ya milimita 25 kwa sauti nyembamba. Nyuma imeandikwa omu 8 (upinzani wake kwa umeme), desibeli 86 (ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati moja). Lalamiko la mwenyewe ni fupi: "Fundi, ya kushoto inakoroma, halafu haing'ari." Kabla ya kugusa bisibisi naulizia amplifaya na waya zake. Spika ikija peke yake hutengenezeka, kisha hurudi mezani baada ya wiki mbili ikiwa na ugonjwa uleule.

Saa 2:30

Nazima amplifaya na kubadilishana waya nyuma ya maboksi: wa kushoto unakwenda kulia, wa kulia kushoto. Kasoro ikihamia boksi la pili, tatizo liko kwenye waya, amplifaya au chanzo cha muziki. Ikibaki kwenye boksi lilelile, spika ndiyo mgonjwa. Imebaki. Ni kazi ya dakika mbili, na bado wapo wanaoanza kwa kufungua skrubu.

Saa 3:00

Besi imetoka kwenye boksi. Nachomoa waya mmoja ili krosova, sakiti inayogawa sauti nzito kwa besi na nyembamba kwa twita, isinidanganye, kisha napima kwa multimita: omu 6.1. Hiyo ni sawa. Spika iliyoandikwa omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7, na ya omu 4 husoma 3 na kitu, kwa sababu multimita hupima waya wa koili tu (waya uliozungushwa unaosukuma koni) kwa umeme usiobadilika, kama wa betri. Ingesoma sifuri au karibu na hapo, koili ingekuwa imejishika, yaani waya wake umegusana wenyewe kwa wenyewe. Isiposoma kabisa, imekatika, au zimekatika nyuzi laini zinazoleta umeme kwenye koili. Nyuzi hizo zina ujanja wake: hugusana koni ikiwa imetulia na kuachana ikicheza, kwa hiyo napima huku naisogeza koni kidogo kidogo. Namba haibadiliki.

Naweka vidole vinne kuzunguka kikofia cha katikati, nasukuma polepole na kwa usawa milimita chache. Hakuna mkwaruzo, maana yake koili haijavimba kwa joto wala haijakaa upande. Ila sponji ya pembeni imenimong'onyokea vidoleni, makombo meusi yanayonata. Huo ndio mkoromo. Sponji ya namna hii huoza yenyewe kwa umri na unyevu, hata spika ikiwa imekaa kabatini bila kuwashwa.

Saa 3:40

Twita hupimwa kwenye miguu yake yenyewe. Ukipima kupitia krosova, kapasita iliyo njiani, ambayo hupitisha umeme unaobadilika tu, huzuia umeme wa multimita nawe utasema imekufa hata kama ni nzima. Hii imekufa kweli, haisomi chochote, ndiyo maana spika haing'ari. Betri ya volti 1.5, ambayo hutosha kuonyesha koni ya besi inasogea mbele au nyuma, sipendi kuigusisha twita.

Kwenye krosova kuna kapasita isiyo na chanya wala hasi, imeandikwa mikrofaradi 4.7. Inasoma 2.9. Wengi wangeishia hapa na kuitangaza kuwa mhalifu, lakini hesabu inakataa. Kapasita ya 4.7 na twita ya omu 8 hukata kwenye Hezi 4,200 hivi, yaani sauti za chini ya hapo hupunguzwa zisiifikie twita. Ikishuka hadi 2.9, mkato hupanda karibu na Hezi 6,900, na twita hupata kazi ndogo zaidi. Kapasita hii imekuwa ikiipunguzia twita mzigo. Nitaibadilisha, ya aina ya plastiki, mikrofaradi zilezile, volti 100, na ya boksi la kulia pia ili pande zote zilie sawa. Muuaji bado sijampata.

Saa 4:30

Amplifaya. Kwanza, bila spika, volyumu chini, napima umeme usiobadilika kwenye matundu ya kutokea: milivolti 12 kushoto, 9 kulia. Chini ya 50 silalamiki. Ikifika volti kadhaa, transista ya mwisho imekufa, na hapo hata besi mpya itaungua huku unaitazama.

Pili, mzigo. Sijaribu amplifaya ya mtu kwa spika ya mtu. Natumia rezista za omu 8, wati 100 kila moja, na osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme. Kwa omu 8 vichwa vya mawimbi vinaanza kukatika kwenye volti 15.5, sawa na wati 30, kama ilivyoandikwa. Nikiweka rezista mbili sambamba, yaani omu 4, vinakatika kwenye volti 11 tu, na bati la kupoozea haligusiki kwa joto.

Hapo nauliza: "Hizi ndizo spika zako zote?" Kumbe kuna jozi nyingine sebuleni, kwenye matundu ya B, yale ya jozi ya pili nyuma ya amplifaya, na zote huwashwa pamoja.

Saa 6:00 mchana

Hesabu nzima iko hapa. Jozi mbili za omu 8 zikiwa sambamba ni omu 4 kwa kila upande. Amplifaya hii kwa omu 4 haitoi zaidi ya volti 11 safi, kwa hiyo kila spika inapata wati 15 badala ya 30. Sauti haijazi chumba, mtu anaongeza volyumu, vichwa vya mawimbi vinakatwa. Wimbi lililokatwa kabisa hadi kuwa la mraba hubeba nguvu mara mbili ya wimbi safi la urefu uleule, na kukatwa huko huzaa sauti za juu ambazo krosova inazipeleka moja kwa moja kwa twita. Twita ya kuba haikujengwa kwa karamu hiyo. Amplifaya ndogo iliyobanwa huchoma twita nyingi kuliko amplifaya kubwa iliyotulia, ingawa wanunuzi wengi huamini kinyume.

Kuziunga kwa mfululizo, ziwe omu 16, ni salama kwa amplifaya, lakini kila spika itabaki na wati 7 na nusu hivi. Dawa ni jozi moja kwa wakati, au amplifaya ya pili.

Na kama sauti haitoshi? Kupata desibeli 3 zaidi unahitaji wati mara mbili, na desibeli 10 ni wati mara kumi, yaani 300. Spika ya desibeli 92 badala ya hii ya 86 ni sawa na kuzidisha amplifaya mara nne, bila kugusa amplifaya.

Saa 8:00

Kuba na koili ya twita hii huuzwa peke yake. Nafuta mwanya wa sumaku kwa utepe wa karatasi unaonata hadi utoke safi, napachika, nabana skrubu kwa zamu. Isingepatikana, ningetafuta yenye omu zilezile, desibeli zisizotofautiana zaidi ya moja, na mlio wake wa asili (Hezi ambako hutetemeka yenyewe) usiozidi nusu ya mkato.

Saa 9:00 alasiri

Sponji. Sinunui kwa kuangalia "inchi 8" tu, napima kipenyo cha koni na cha fremu. Gundi ya zamani inatoka kwa spiriti na subira. Gundi nyeupe naipaka kwenye koni kwanza, nasubiri ishike, ndipo naihamia fremu. Sikati kikofia cha katikati: napitisha mlio wa Hezi 30, volti 2, huku nasogeza ukingo wa sponji. Mkwaruzo ukisikika nasogeza upande wa pili. Ukinyamaza, nabana kwa vibanio vya nguo pande zote.

Saa 11:00 jioni

Waya za mteja ni nyembamba kama za kengele, mita 10. Nimemkatia za shaba, milimita mraba 1.5, ambazo kwa kwenda na kurudi huongeza omu 0.23 tu. Nimeweka alama nyekundu kwenye chanya za pande zote mbili, kwa sababu upande mmoja ukigeuzwa besi hupotea.

Besi imelala kifudifudi hadi kesho saa hizi. Matundu ya B nimeyaziba kwa utepe.