Mnaojenga Dar mkiwa nje: sufi ya kioo au ya mawe?

Mdogo wangu anajenga Goba, na kwa kuwa anajua huku Winnipeg, Kanada, kazi yangu ni kujaza sufi ya kuzuia joto na baridi kwenye kuta na dari za watu, WhatsApp haipoi: "Kaka, ile pamba yenu ingia nayo kwenye kontena, bati linatuchoma." Bati la Dar mwezi wa pili halihitaji maelezo.

Basi, aina tunazoshika kila siku ni mbili. Sufi ya kioo, ambayo wengi mnaiita faibaglasi, hutengenezwa kwa mchanga, magadi na vioo chakavu. Ya mawe hutokana na mwamba wa volkano uitwao basalti, unaoyeyushwa kwenye nyuzi joto kama 1500 na kurushwa kwenye magurudumu yanayokwenda kasi hadi uwe nyuzinyuzi. Kwenye kuzuia joto zinakaribiana mno, maana kazi inafanywa na hewa iliyonaswa ndani. Muuzaji akikwambia ya mawe inapooza mara mbili, huyo anakuuzia maneno.

Tofauti iko kwenye moto na kelele. Ya mawe huvumilia zaidi ya nyuzi joto 1000, ya kioo hulegea mapema zaidi, na uzito wa ya mawe unaifanya ifae ukuta wa upande wa jenereta. Kwa dari ya kawaida ya jipsamu, mimi nachukua ya kioo. Ni nyepesi, na inabanwa ikawa robota dogo, jambo ambalo mlipa kontena atalielewa haraka.

Mama naye kasikia kwamba ni asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yanayoleta saratani. Siyo, mama. Mwaka 2001 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilizitoa sufi hizi za kujengea kwenye kundi la vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani. Lakini zinawasha, tena sana! Fundi avae barakoa na mikono mirefu.

Ninachogombana nacho ni plastiki. Kaka yenu mmoja hapa kawatumia mafundi wake picha za nyumba ya Kanada: sufi, kisha plastiki upande wa ndani ya chumba. Huku ni sahihi, kwa sababu unyevu unatoka ndani kwenda nje kwenye baridi. Dar mambo yanageuka. Hewa yenye unyevu iko nje, chumba kina AC, na mvuke ukishuka ukakuta plastiki ya baridi unageuka maji papo hapo juu ya jipsamu. Sufi ikilowa haizuii joto tena, na baada ya muda utaona madoa na ukungu.

Kwa hiyo plastiki ya ndani tupeni. Foili, yaani karatasi ya alumini, ikae chini ya bati, uso unaong'aa ukitazama chini, na kati yake na sufi pawe na nafasi ya hewa. Matundu ya hewa ya darini yasizibwe, ila yawekewe wavu. Panya wa Goba wanaipenda sufi kuliko mdogo wangu.