Mabadiliko ya baraza la jimbo Afrika Kusini

Majimbo 9 ya Afrika Kusini yana mabaraza madogo ya utendaji, yaani baraza la mawaziri la jimbo. Kifungu cha 132 cha Katiba kinampa waziri kiongozi (premier, mkuu wa serikali ya jimbo) wajumbe wasiopungua 5 wala kuzidi 10, naye huwateua na kuwafukuza mwenyewe. Kila mjumbe mpya hula kiapo kabla ya kuanza kazi.

Kikwazo kikubwa ni kwamba wote lazima watoke ndani ya bunge la jimbo. Rais anaruhusiwa mawaziri 2 wasio wabunge; waziri kiongozi haruhusiwi hata mmoja. Akimtaka mtaalamu wa fedha aliye nje, kwanza mbunge wa chama ajiuzulu, kisha mtu huyo aingie kupitia orodha ya chama. Hapo ndipo mambo hukwama, maana nani yuko tayari kuachia kiti chake?

Kuunganisha au kugawa idara ni suala jingine. Usimamizi wa sheria fulani ukihamishiwa mjumbe mwingine, panahitajika tangazo rasmi chini ya kifungu cha 137. Kutaja majina mbele ya waandishi wa habari hakutoshi.

Penye serikali ya muungano wa vyama, hesabu hubana zaidi. Katika jimbo la KwaZulu-Natal mwaka 2024, vyama vilivyoungana vya IFP, ANC, DA na NFP vilipata kwa pamoja viti 41 kati ya 80 vya bunge la jimbo. Kwa wingi huo mwembamba, kumwondoa au kumhamisha mjumbe wa chama kidogo bila makubaliano ni hatari kweli: bunge likipitisha kura ya kutokuwa na imani inayomhusisha waziri kiongozi, yeye na baraza lote hujiuzulu. Isipomhusisha, analazimika kuliunda upya baraza.