Stika ya bei

Kutoka Malmö, Sweden, mpaka Copenhagen, Denmark, ni nusu saa na ushee kwa treni, na nauli yake ni wizi wa mchana. Nalipa hivyo hivyo kwa ajili ya mavasi. Kule Ravnsborggade, kwenye maduka ya vitu vya kale, nilitazama bei dirishani nikajiendea zangu. Kikombe kimoja cha kahawa nacho nusura kinitoe machozi.

Basi nikaingia mnada wa mitumba. Hapo ndipo nikaliona, limesimama juu ya kitambaa chini: vasi la shubiri moja na ushee, rangi ya kijivu inayoyeyukia kwenye bluu, na jahazi ubavuni. Royal Copenhagen, kiwanda cha kaure cha Denmark. Rangi zile hupakwa kwanza, kisha chombo humwagiwa maji ya kioo, ndipo huchomwa kwa moto ambao rangi nyingi haziuwezi. Ndiyo maana Arnold Krog, aliyeanzisha mtindo huu miaka ya 1880, alishikilia bluu ya kobalti na rangi chache za upole.

Nikaligonga kwa ukucha, likalia tiing, hakuna ufa. Nikapitisha kidole mdomoni mwake, halikubanjuka. Nikalipindua: nambari zipo, herufi za mchoraji zipo, na juu ya mawimbi matatu ya bluu, alama ya kiwanda, stika ya bei, kroner 600. Nilipotaka kuibandua, muuzaji, mama mwenye tabasamu la shangazi, akaniwahi: eti gundi ni kali, itachafua. Tukapatana 450. Mtoto wa Darajani, sokoni Unguja, mimi, niliyefunzwa kufunua mashavu ya samaki kabla ya kuuliza bei, nikakubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia!

Kwenye treni, darajani katikati ya bahari, nikaibandua kwa mate. Ilitoka kirahisi tu. Mawimbi yale matatu ni milango ya bahari ya Denmark: Øresund, Mkanda Mkubwa na Mkanda Mdogo. La Øresund lilikuwa chini ya miguu yangu saa ile ile, na juu ya yote matatu umepita mkwaruzo mmoja ulionyooka. Kiwanda chenyewe huukwaruza, kuonyesha chombo kimetoka na dosari, kiuzwe kwa bei ya chini.

Dosari yenyewe niliitafuta mpaka usiku. Ni kidoa cheusi kwenye tanga, kama punje ya ufuta.

Nikamkumbuka bibi yangu. Kidakani mwake mlikuwa na bakuli la Kichina lililomeguka mdomo. Kila Ijumaa alilifuta vumbi, akalirudisha upande mbovu ukitazama ukuta. Mgeni akilisifia, bibi anaitikia tu, "Ahsante, mwanangu."

Langu nimeliweka dirishani, tanga limeelekea nje. Wapita njia ndio wanaofaidi jahazi. Mimi natazama kijivu.