Na Rufiji umeiweka wapi?

Aprili 2001 nilikuwa darasa la sita, Mtwara mjini, na wiki hiyo mwalimu alikuwa ametufundisha ile pembetatu: umbali juu, mwendokasi na muda chini. Ziba unachokitafuta, kilichobaki kinakupa jibu. Nilitembea nikiziba vitu siku nzima.

Jumatatu jioni tukaitwa dukani kwa jirani, baba yuko kwenye simu. Anatoka Dar kesho, saa kumi na mbili asubuhi. Nikakimbilia daftari. Kilomita 560, basi nikalipangia mwendo wa 70 kwa saa, jibu nane. "Mama, baba anaingia saa nane mchana."

Mama, ambaye njia ile aliijua, akasema nipunguze mwendo. Nikaweka 50, ikaja 11.2, nikamtangazia: saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Hapo nilikosea mara mbili. Ile 11.2 ilikuwa muda wa safari, si saa ya kufika. Na nukta mbili ya saa ni dakika 12, si 20. Ilitakiwa niseme saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. Yaani jibu liliangukia karibu kwa bahati tu, kwa sababu saa zetu zinaanza kuhesabiwa asubuhi.

Bibi alikuwa kibarazani anamenya ming'oko. Hakuinua uso. "Mume wangu, na Rufiji umeiweka wapi?"

Sikuwa nimeiweka popote. Basi la kwenye daftari halisimami, abiria wake hawaendi hata haja. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilikuwa bado, lilikuja kufunguliwa 2003. Magari yalivuka kwa pantoni pale Ndundu, yakipanga foleni. Ukishavuka, unaingia kwenye matope ya masika.

Jumanne mama alipika samaki wa nazi. Saa kumi na moja jioni nilikuwa stendi. Saa mbili usiku nikarudi. Saa nne tukakubaliana kumla samaki, bibi akachukua kichwa.

Baba aliingia Jumatano, saa nne usiku. Suruali ilikuwa na tope lililokauka mpaka magotini, kiatu kimoja hakina kamba. Aliifungia boksi lililokuwa limechanika wakati wanasukuma basi. Kabla hajakaa nikamwekea daftari mbele. Akalisoma kwa makini kweli, sijui kwa nini hakunifukuza.

"Umbali umepatia," akasema. "Huu mwendokasi nani kakupa?"

Akaomba maji ya kuoga. Mimi nikaketi chini ya koroboi nikaanza upya: saa 40. 560 gawanya kwa 40, kumi na nne.

"Kumi na nne ndiyo nini?" bibi akauliza kutoka kitandani.

"Ndiyo kasi ya basi, bibi. Kilomita kwa saa."

"Basi! Babu yako na baiskeli yake angelipita."