Testosteroni yangu iko chini, ya mdogo wangu pia

Kama umepewa karatasi ya maabara inayosema testosteroni yako, homoni ya kiume, iko chini na tayari kuna mtu anakutafutia sindano, ngoja kidogo.

Mimi damu yangu ya kwanza ilichukuliwa saa kumi jioni, nimeshiba ubwabwa. Hakuna aliyenitonya kwamba homoni hii huwa juu asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Karatasi ikasoma 230 (nanogramu kwa desilita), na madaktari wengi huanza kutilia shaka ikiwa chini ya 300. Washauri wakamiminika: supu ya pweza, alkasusu, mihogo mibichi na karanga. Jamaa wa jimu akaja na chupa yake. "Kaka, choma hii, utanishukuru." Hakusema kwamba testosteroni ya kuchoma huufanya ubongo uache kuziamrisha korodani, mbegu zikapungua, pengine zikaisha kabisa. Na mimi na mama Zuhura tulikuwa tunatafuta mtoto wa pili!

Nikarudia kupima asubuhi, tumbo tupu. Ikapanda kidogo, bado chini. Daktari akakitazama kitambi changu, akasema, "Mzee, tatizo hili hapa." Ana hoja. Unene hushusha SHBG, protini inayotengenezwa na ini kubeba testosteroni kwenye damu. Karibu nusu ya homoni yote imeshikwa nayo, nyingine imejishikiza kwa albumini, protini nyingine ya damu, iliyo huru ni kama asilimia mbili tu. Wabebaji wakiwa haba, jumla husomeka ndogo hata kama ile huru inatosha. Na yangu ilitosha. Ndevu nanyoa kila siku, mengine muulizeni mama Zuhura.

Lakini kesi kuishia kwenye kitambi nilikataa. Nina mdogo wangu, mvuvi wa Pangani, mwembamba kama upondo. Nikamwomba aje Tanga mjini naye apimwe. Akagoma. Nikamwahidi nyavu mpya. Akaja na basi la kwanza, hajala kitu, na pale mapokezi akaninong'oneza kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni: "Kaka, wasije wakaandika mimi sizai, nina watoto wanne." Dada wa maabara alishindwa kuushika mkono wake kwa kicheko.

Majibu yake: jumla chini, SHBG chini, iliyo huru sawasawa. Mwili wote ule hauna mafuta ya kukaangia hata dagaa! Daktari akaziweka karatasi zetu pamoja, akaangalia sukari na tezi ya shingo, zote safi, akasema inaelekea tumerithi. Jeni ya SHBG, yaani maelekezo ya urithi ya kuitengeneza, iko kwenye kromosomu ya 17, na utafiti wa mwaka 2011 uliopima wanaume zaidi ya 14,000 wenye asili ya Ulaya ulikuta tofauti ndogo ndogo za hapo zinaendana na testosteroni kuwa juu au chini. Nyingine walikuta kwenye kromosomu X, ambayo mwanaume huipata kwa mama yake tu. Nilipomgusia mjomba hilo, alibadilisha mazungumzo.

Gharama? Kipimo cha jumla si kikubwa. SHBG ndiyo inauma, na si kila maabara inayo, kwa hiyo uliza kabla hujafunga. Bei ya nyavu siitaji, mama Zuhura anasoma.

Sindano sikuchoma. Kitambi daktari hakukisamehe, nakifanyia kazi nikikumbuka.